Kufuli la Lango la Magharibi

Kitendawili! Itikieni basi, msiniangalie hivyo. Nina mzee wa shaba, alifunga kinywa mchana kweupe, na watu kumi na mmoja wakanyamaza pamoja naye. Ni nani huyo?

Si kengele. Si kaburi pia, ingawa mmekaribia. Mmeshindwa? Basi nipeni mji niwaambie. Hamna? Haya, mji nitautoa mwenyewe: Invercraig, pale Mto Clyde unapoanza kunukia chumvi. Na jibu la kitendawili ni kufuli. Jumanne moja ya Novemba, asubuhi na mapema, kufuli lenyewe lilikutwa limeibwa.

Inspekta Una Galbraith alisimama mlangoni mwa chumba cha makumbusho, chini ya jukwaa kuu la uwanja wa Larkhope, koti lake likidondosha maji sakafuni. Kabati la vioo lilikuwa limevunjwa. Kombe la fedha la mwaka 1911 lilikuwa palepale, liking'aa kama halijaona kitu. Viatu vya ngozi vya nahodha wa zamani navyo vilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu: kufuli kubwa kama ngumi ya mwanamume. Mahali lilipokaa palibaki alama kwenye kitambaa cha kijani.

"Mwizi gani huyu, Afande?" aliuliza Sajenti Baxter. "Anaacha fedha, anabeba shaba!"

"Mwizi ambaye hakufuata mali," alisema Una.

Kibao kilikuwa bado kimegongwa misumari ukutani. Una alikijua kwa moyo tangu alipoletwa hapa na shule, lakini alikisoma tena: *Kufuli la Lango la Magharibi. Lilibanwa na watoto waliokuwa wakibembea langoni, Novemba 1967.*

Damu ilimpanda. Ilimpanda kila mara alipokisoma, na hakuwa peke yake mjini.

Enzi zile mashabiki wa Invercraig walisimama, hawakukaa, na walikuwa na desturi yao. Kipindi cha kwanza timu ilishambulia goli la magharibi, nao wakasimama nyuma ya goli hilo. Wakati wa mapumziko walihama wote, maelfu, wakapita kwenye kichochoro chenye mteremko hadi upande wa mashariki, ili mabao ya kipindi cha pili yafungwe mbele ya macho yao. Katikati ya kichochoro kulikuwa na lango. Siku zote lilikuwa wazi wakati wa mapumziko. Siku hiyo moja lilikuwa limefungwa. Wa mbele walifika wakasimama, wa nyuma wakaendelea kushuka. Watu kumi na mmoja walibanwa wakafa, wamesimama wima, kelele za kandanda zikiwa hazijaisha.

Tume iliyochunguza ilisema watoto walilivuta lango wakicheza, wakabana kufuli. Ikataja jina moja tu, la mtoto aliyeonekana juu ya lango: Senga Rennie, miaka tisa, marehemu.

"Nani alifungua chumba leo?" aliuliza Una.

"Mimi." Lorne Tulloch, mtembezaji wageni, alisogea mbele. Alikuwa postamasta zamani, na alivaa skafu ya klabu ya rangi ya zambarau hata kanisani. Sasa macho yake yalikuwa mekundu. "Saa tatu na nusu. Wageni wa saa nne walikuwa wameshapanga foleni. Nikafungua nikakuta hivi."

"Mlango ulikuwa umevunjwa?"

"Hapana. Ulikuwa umefungwa vizuri."

"Dirisha?"

"Hakuna dirisha humu, Inspekta. Unajua mwenyewe."

Una alichutama. Vipande vya vioo vilitapakaa kwenye zulia, mbele ya kabati. Ndani ya kabati hakukuwa na hata kimoja.

"Baxter, ukipiga kioo kwa nje, vipande vinaangukia wapi?"

"Ndani, Afande."

"Hivi viko nje. Mtu amefungua kabati kwa ufunguo wake, amechukua alichotaka, kisha akavunja kioo kwa ndani ili tudhani ni mhuni wa mtaani." Akasimama. "Funguo za humu wanazo wangapi, Lorne?"

"Watatu. Mimi, mwenyekiti, na mzee Wattie, mtunza uwanja."

"Na kwa nini leo? Kufuli limekaa hapo miaka chungu nzima, hakuna aliyelitamani."

Lorne alitoa kitabu cha wageni kwenye mfuko wa koti, amekikumbatia kama mtu aliyeokoa kitu motoni. "Soma hapa. Alhamisi iliyopita alikuja fundi kufuli kutoka Aberdeen, yeye na mkewe. Alibandika pua kwenye kioo robo saa nzima. Kisha akaniambia, 'Bwana, kibao chako kinasema uongo.' Nikamwambia, 'Uongo gani?' Akasema, 'Kufuli la aina hii halijifungi kwa kubanwa. Mtoto abane, mtu mzima abane, farasi alikanyage, halijifungi. Lazima mtu azungushe ufunguo.'"

Baxter aliacha kutafuna peremende yake.

"Ulimwambia nani?" aliuliza Una taratibu.

"Nilisema siku hiyohiyo wakati wa chai. Mwenyekiti alikuwepo, akacheka. Mzee Wattie alikuwepo, akamimina chai. Ijumaa nikampigia simu Ishbel Rennie, mama yake Senga. Ilikuwa haki yake kujua! Naye akampigia wakili. Wakili anakuja leo saa sita kulichukua likapimwe."

"Na Jumatatu uwanja hufungwa."

"Jumatatu hakuna mtu."

Ikawa wazi kama maji. Kufuli lile likipimwa, jina la mtoto lingesafishwa. Likipotea, neno la fundi wa Aberdeen lingebaki neno la mtalii.

Una aling'oa kile kibao ukutani kwa ncha ya funguo za gari, msumari baada ya msumari.

"Inspekta!" sauti ilitoka nyuma. "Hiyo ni mali ya klabu!"

Alikuwa Ranald Moncrieff, mwenyekiti, mtoto wa mwenyekiti aliyekuwepo mwaka ule. Mwavuli wake ulikuwa mkubwa kuliko meza.

"Ni kielelezo," alisema Una, akakitia kwenye mfuko wa plastiki. "Ulikuwa wapi jana, Bwana Moncrieff?"

"Kwa binti yangu, Inverness. Tangu Jumapili. Nimerudi leo kwa treni ya alfajiri, nakuta wageni kumi na wawili wamesimama mvuani."

"Watazoea. Sisi tumezoea."

"Ni Wadenmark."

"Hata wao. Kwa nini ulicheka Alhamisi?"

"Kwa sababu ni upuuzi! Tume ilikaa, ikasikiliza, ikaamua. Baba yangu alitoa ushahidi kwa kiapo. Kipande cha chuma cha miaka hiyo yote, mnakipigia kelele za nini? Waliokufa wamekufa."

"Sema tena hayo mbele ya Ishbel."

"Sijasema kwa ubaya."

"Sema tena, basi. Yule anakuja."

Mlio wa magurudumu ulisikika kwenye korido. Ishbel Rennie alikuwa na miaka themanini na minne. Miguu ilikuwa imemkataa lakini ulimi bado ulikuwa wake. Kila Jumanne alikuja Larkhope, na kila Jumanne kiti chake kilisukumwa na mtu yuleyule: Wattie Learmonth, mtunza uwanja, mzee wa miaka sabini na saba, mabega kama mlango, amevaa sweta la zambarau alilofumiwa na Ishbel mwenyewe. Mapajani Ishbel alikuwa na bati la biskuti za siagi. Walizila pamoja, yeye na Wattie, baada ya kusimama kwenye jiwe la kumbukumbu.

"Kweli limeibwa?" aliuliza Ishbel, hata salamu hakutoa.

"Kweli, Bibi Ishbel," alisema Una.

Ajuza alimgeukia Moncrieff. "Umelipeleka wapi?"

"Mama Rennie, mimi..."

"Usiniite mama. Niliitwa mama na mmoja tu, mkamwandika kwenye ubao kama mwizi wa matufaha!" "Baba yako alikuja nyumbani kwangu na maua. Maua! Akaniambia, 'Watoto ni watoto, Ishbel, usimlaumu sana.' Nimlaumu! Mume wangu Archie alikwenda kununua pai mbili, akamwacha dakika tano. Alikufa akiamini kwamba angekuwepo angemkataza. Na mimi nilimfundisha Senga asipande juu ya mageti. Nilimfundisha! Alikuwa hapandi hata ua wa bibi yake. Miaka yote hii nauliza swali moja, si kwa tume wala kwa mapadri, kwa yeyote mwenye masikio: mwanangu alikuwa anafanya nini juu ya lango lile? Nani kanijibu?"

Wattie alimfunika miguu kwa blanketi vizuri zaidi.

"Twende kwenye jiwe, Ishbel," alisema kwa upole. "Utapata baridi ukikasirika."

"Nimekasirika tangu mwaka sitini na saba, Wattie. Baridi nimeshaizoea."

Una alimtazama mzee yule. Mji mzima ulimpenda. Babu yake Una alimpenda. Watoto wa zamani aliwabeba kwa mikono yake miwili, akawapitisha juu ya chuma cha kuzunguka mlangoni, waingie bure. Senga naye alibebwa hivyohivyo kila Jumamosi. Ishbel hakuchoka kulisimulia.

"Mzee Wattie, jana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, binti. Nachora mistari. Mvua imeifuta yote, njoo uone."

"Peke yako?"

"Na kunguru."

"Hukumwona mtu?"

"Kunguru tu, nakwambia. Na hao walikuwa mashabiki wa Greenock, maana walikuwa wakipiga kelele bila sababu."

Baxter alicheka. Una hakucheka. "Funguo zako hazikutoka mkononi mwako?"

"Hizi?" Wattie alipapasa mkungu mkubwa wa funguo kiunoni. "Nalala nazo."

Walikwenda kwenye jiwe wote, Una akishika mwavuli juu ya kichwa cha Ishbel. Jiwe liko upande wa magharibi, nyuma ya goli, pale mdomo wa kichochoro ulipokuwa. Lina majina kumi na moja. Ishbel aligusa la nne kwa vidole viwili, kama mtu anayempima mtoto homa.

Una akawaachia nafasi, akatembea hatua chache nyuma ya nyavu. Kichwa chake kilikuwa kinachemka. Kulikuwa na funguo tatu na watu watatu. Mmoja ana sababu ya kulinda jina la baba. Mmoja alipiga simu mwenyewe. Mmoja...

Akasimama.

Mbele ya buti yake, kwenye nyasi, kulikuwa na duara. Lilikuwa dogo, upana wa sahani ya chai, limekatwa kwa chombo kikali na kurudishwa kwa ustadi hata usingeliona kama hulijui. Una alilijua. Mji mzima ulilijua. Shabiki wa Larkhope akifa na kuchomwa, familia huleta majivu yake. Mtunza uwanja hukata duara la nyasi nyuma ya goli, humimina majivu, hurudisha nyasi, na Lorne husoma jina kwa sauti. Babu yake Una alikuwa chini ya duara kama hilo.

Lakini babu alikuwa mashariki. Wote walikuwa mashariki. Timu bado ilishambulia mashariki kipindi cha pili. Ni nani wa Invercraig angekubali kukaa milele nyuma ya goli ambalo wageni hufunga mabao yao ya mwisho?

Simu ya Baxter ililia. Alisikiliza, akasogea. "Afande, polisi wa Inverness wamemwuliza binti wa Moncrieff na jirani zake. Ni kweli, alikuwa huko. Na Lorne jana alikuwa kwa dada yake Oban, kamera ya stesheni inamwonyesha akipanda na kushuka."

Una aliita kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mzee Wattie! Huyu hapa ni nani?"

Wattie aligeuka. Alichelewa kujibu kwa pumzi moja tu, lakini Una aliihesabu.

"Macaulay," alisema. "Mzee Macaulay wa gatini. Wiki iliyopita."

"Lorne!" Una aliita tena. "Kitabu cha majivu kinasemaje? Macaulay?"

Lorne alishangaa. "Macaulay gani? Mtu wa mwisho tulimweka Agosti. Na wote tunawaweka kule." Akaonyesha mashariki kwa skafu.

Ishbel alikuwa akiutazama uso wa Wattie kutoka chini, pale kwenye kiti, na alikuwa ameujua uso huo muda mrefu.

"Wattie?" alisema.

"Baxter," alisema Una, "lete koleo."

Hawakuchimba sana. Chini ya nyasi kulikuwa na kitambaa cha kukaushia vyombo, cha chumba cha chai, chenye picha ya punda. Ndani ya kitambaa alilala yule mzee wa shaba, kinywa kimefungwa.

Ishbel hakupiga kelele. Aliliondoa blanketi miguuni polepole, akalikunja, akalitupa matopeni. "Usinisukume tena," alisema. "Nitasukumwa na polisi."

Chumba cha mahojiano katika kituo cha Invercraig kina meza moja na hita inayonguruma bila kutoa joto. Wattie alisomewa haki zake. Aliambiwa anaweza kunyamaza. Alisema hataki wakili, akaulizwa tena, akakataa tena. Mtaalamu wa uchunguzi wa jinai alikuwa ameshachukua alama za vidole: kabati lilikuwa limefutwa safi, lakini kwenye kufuli alama za Wattie zilijaa.

"Bila shaka zimejaa," alisema Wattie. "Mimi ndiye hulisafisha. Kila Novemba. Nalitia mafuta, nalirudisha."

"Wewe peke yako?"

"Sikumruhusu mtu mwingine kuligusa."

"Miaka yote?"

"Yote."

Una alilisogeza kufuli katikati ya meza. Kisha akautupa karibu yake ule mkungu wa funguo. Zilikuwa thelathini na moja. Thelathini zilikuwa na vibandiko vya rangi: stoo, mitambo, lango la mashariki, chumba cha chai. Mmoja haukuwa na kibandiko. Ulikuwa mweusi, mfupi, umelika kwa kushikwashikwa.

"Huu unafungua nini?"

Wattie aliugeuzia macho ukuta.

"Mzee Wattie. Huu unafungua nini?"

"Unajua, binti."

Una aliuingiza. Uliingia kama mkono kwenye glovu ya zamani. Akazungusha, na kinywa cha mzee wa shaba kikafunguka, laini, kwa mafuta ya Novemba zote zile. Akalibana kwa nguvu. Halikushika. Akalibana tena, kwa kiganja, kwa ngumi, akalipigiza mezani mpaka Baxter akaruka. Kila mara lilirudi likaachama.

"Watoto walilibana," alisema Una. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Haya. Nionyeshe walivyolibana."

"Hawakulibana."

"Nani alizungusha ufunguo?"

Wattie aliangalia mikono yake. Ilikuwa na rangi nyeupe ya mistari kwenye kucha.

"Mimi," alisema.

Hita ilinguruma. Una alishika kalamu.

"Nilikuwa na miaka ishirini. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, mlinda lango. Siku ile mwenyekiti, huyo Moncrieff mkubwa, alikuwa na mgeni kutoka Edinburgh. Gari jipya, jeusi, refu kama jeneza. Hapakuwa na nafasi mbele, wakaliweka kichochoroni. Mwenyekiti akaniita. Akasema, 'Learmonth, mapumziko funga lango. Sitaki kundi lile likwaruze rangi ya gari la watu. Leo watabaki walipo.' Nikasema, 'Ndiyo, bwana.'"

"Gari," alisema Una.

"Gari."

"Watu kumi na mmoja, kwa sababu ya rangi ya gari."

"Halikukwaruzwa hata kidogo," alisema Wattie. "Nililiangalia baadaye. Sijui kwa nini niliangalia."

Baxter alisukuma kiti chake nyuma.

"Kipenga kilipolia nikafunga. Nilidhani wataona wamefungiwa, watalalamika, watarudi. Lakini kile kichochoro kina kona. Wa nyuma hawakuona."

"Ulikuwa upande gani?"

"Upande wa pili wa lango. Kwenye gari."

"Na ufunguo?"

"Mfukoni."

"Kwa hiyo uliwaona. Walikuwa mbele yako. Kwa nini hukufungua?"

Wattie aliusogeza ule ufunguo mweusi mbali naye.

"Nakuuliza, mzee. Ulikuwa na ufunguo mfukoni. Lango lilikuwa hatua ngapi?"

"Nne."

"Hatua nne! Kwa nini hukufungua?"

Wattie alitikisa kichwa. "Usiku ule mwenyekiti alinambia, 'Ni watoto. Umeelewa? Ukisema vingine utanyongwa wewe, si mimi. Ukisema ni watoto, utakuwa na kazi hapa mpaka ufe.' Zimamoto walikuwa wamekata mnyororo. Kufuli likabaki limefungwa, na ufunguo nikasema umepotea. Tume haikuuliza. Tume ilikunywa whisky ya mwenyekiti."

"Na ukapata kazi mpaka ufe."

"Nimeipata. Kila siku."

Una alisimama. Alikwenda ukutani, akarudi. Alitaka kupiga kitu, na kila kilichokuwa chumbani kilikuwa mali ya serikali.

"Umekula biskuti zake," alisema. "Kila Jumanne. Umesimama naye kwenye jiwe. Umevaa sweta lake, hata leo, hata hapa! Mwanamke yule amemfumia mtu aliyemfungia mtoto wake lango. Na fundi alipoleta haki yake mpaka mlangoni, ukaizika. Kwa nini? Uliogopa jela? Kwa umri wako?"

"Jela!" Kwa mara ya kwanza Wattie alipaza sauti. "Ungenipeleka mwaka ule ningekubusu mkono. Niliogopa Jumanne, binti. Niliogopa Jumanne ambayo hatakuja. Nilianza kumsukuma ili nimwambie. Wiki ya kwanza sikuweza. Wiki ya pili akaniletea biskuti. Baada ya hapo nitamwambia lini?"

"Kwa nini hukulitupa mtoni? Clyde iko hapo."

"Nilikwenda mara mbili jana. Mkono haukuachia."

"Na kwa nini magharibi? Ungeliweka mashariki, kati ya maduara mengine, nisingeligundua maisha yangu yote."

Wattie alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Kule mashariki wapo watu wangu. Nimewaweka kwa mikono yangu, babu yako na Archie Rennie. Nitaliweka kufuli lile kifuani kwa Archie?"

Una aliandika. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili. Kisha akauliza swali la mwisho, na hakuliuliza kama askari.

"Senga alikuwa juu ya lango. Tume haikudanganya hapo, watu walimwona. Alikuwa anafanya nini?"

"Hilo sikwambii."

"Utaniambia."

"Sikwambii wewe," alisema Wattie. "Andika mengine yote. Hilo si lako."

Alitia saini. Baxter alimfunga pingu mbele, si nyuma, kwa sababu ya mabega yake. Akamwambia, "Twende, mzee," kwa sauti kavu. Babu yake Baxter naye alikuwa kwenye lile jiwe, jina la saba, lakini hakuwa amelisema siku nzima.

Ishbel alikuwa kwenye ukumbi wa mapokezi. Alikuwa hapo tangu saa sita. Wakili alimwomba arudi nyumbani, akakataa. Askari wa zamu alimpa chai, akaiacha ipoe. Bati la biskuti lilikuwa bado mapajani, halijafunguliwa. Ranald Moncrieff naye alikuwa amekuja, amesimama pembeni na mwavuli wake umefungwa, na Una alipopita alimwekea karatasi ya maelezo mkononi. "Soma kuhusu gari," alimwambia. Mwenyekiti alisoma. Aliketi kwenye benchi.

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Wattie alitokea, Baxter amemshika kiwiko. Akamwona Ishbel, akasimama.

"Tumpitishe mlango wa nyuma, Afande?" Baxter alinong'ona.

"Hapana," alisema Una.

Ishbel aligeuza magurudumu mwenyewe, kwa mikono yake, taratibu, hadi magoti yake yakawa karibu kugusa ya Wattie. Alimtazama juu. Hakulia. Hasira yake ilikuwa imekaa kimya kabisa, imenyooka kama sindano.

"Sitaki uniombe radhi," alisema. "Ukiniomba radhi nitakutemea mate mbele ya watu. Nataka kitu kimoja. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona?"

"Nilimwona, Ishbel."

"Nilimfundisha asipande juu ya mageti. Alikuwa mtoto msikivu. Mwanangu alikuwa anafanya nini juu ya lango lile?"

Wattie alijaribu kuinua mkono kufuta uso, pingu zikauvuta mwingine, akaishusha yote miwili.

"Alikuwa ananitafuta mimi," alisema. "Chini walikuwa wanambana, akapanda ili nimwone. Aliniona kwenye gari. Akacheka, Ishbel, kwa sababu alinijua. Akaniita, 'Wattie, fungua! Watu wanaumia.' Ufunguo ulikuwa hapa, mfukoni. Nikamwambia, 'Subiri kidogo, Senga. Ngoja nikaombe ruhusa.'"